Si umbo la kuba peke yake linaloiokoa nyumba

Wageni wengi wa New Ngelepen, kijiji cha nyumba za kuba karibu na Yogyakarta, Indonesia, wanaweza kuondoka wakiamini kwamba nyumba ikiwa duara tu, tetemeko haliiwezi. Si kweli, na imani hiyo ni ya hatari. Kuba la matofali matupu huweza kupasuka na kuanguka kama ukuta wowote.

Kijiji hiki kilijengwa baada ya tetemeko la Mei 27, 2006, lililoua watu zaidi ya 5,700. Wengi walifukiwa na nyumba zao wenyewe: kuta za matofali zisizo na nondo, na juu yake mapaa mazito ya vigae. Ukuta ukiyumba, paa linakosa pa kukalia.

Sasa tazama kuba linavyojengwa. Msingi wa duara unamwagwa, puto kubwa linajazwa upepo juu yake, nondo zinasukwa kulizunguka, kisha zege linapakwa juu. Zege likikauka, puto linatolewa. Kinachobaki ni gamba moja: hakuna mahali ukuta unapoishia na paa kuanza, kwa hiyo hakuna kiungo cha kuachana. Umbo husaidia kusambaza nguvu, lakini nondo ndizo zinazolishika gamba linapovutwa huku na huku.

Ndiyo maana hata nyumba ya pembe nne huweza kustahimili, ikiwa na nguzo za nondo pembeni, mkanda wa zege juu ya kuta na paa jepesi lililofungwa barabara. Waliojenga upya Bukoba baada ya tetemeko la Septemba 2016 hawakuhitaji kuba, walihitaji hayo.