Krosova ya Kifahari ya Spoti ni Gari la Namna Gani?

Krosova ni gari lenye kimo cha jipu lakini lililoundwa kwa mtindo wa saluni. Tofauti hiyo haionekani gari likiwa limeegeshwa mbele ya hoteli; huonekana likipandishwa juu kwa fundi. Chini ya Land Cruiser Prado kuna fremu, yaani vyuma viwili vinene vinavyotoka mbele hadi nyuma na kuunganishwa kwa vyuma vya kukingama, na bodi nzima imekalishwa juu yake kwa bolti na raba. Chini ya Toyota Harrier hakuna fremu ya namna hiyo. Sakafu, nguzo na paa vimechomelewa vikawa kitu kimoja, na hicho ndicho kinachobeba injini, abiria na mitikisiko yote ya barabara. Bodi ya aina hii huwa nyepesi zaidi, hukaa chini zaidi na haipindiki ovyo gari linapokata kona, ndiyo maana mwendo wake hukaribia ule wa saluni. Lakini haikukusudiwa kuvuta trela zito wala kusokotwa mwaka mzima kwenye njia za mawe na makorongo.

Ufahari na spoti huongezwa juu ya msingi huo, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa kuwa sifa hizo mbili hazielekei upande mmoja. Ufahari hutaka ukimya, ulaini wa springi na kiti kinachomsahaulisha abiria kwamba yuko safarini. Spoti hutaka springi ngumu, matairi mapana yenye ukuta mfupi na usukani mzito unaojibu mara tu unapoguswa. Na kile kimo cha jipu, ambacho ndicho kinachowavutia watu kwanza, kinazipinga zote mbili, maana gari lililoinuka likiingia kona kwa kasi huegemea upande. Kila kampuni inayotengeneza gari la aina hii hulazimika kusuluhisha ugomvi huo wa pande tatu, na kila moja husuluhisha kwa namna yake. Anayenunua hununua suluhu hiyo pamoja na kasoro zake.

Historia ya magari haya si ndefu. Toyota ilitoa RAV4 mwaka 1994, ikaonyesha kwamba gari dogo lenye umbo la jipu linaweza kuundwa kwa vifaa vya saluni. Mwishoni mwa 1997 Harrier likatoka Japani, na mwaka uliofuata gari hilo hilo likaingia Marekani kwa jina la Lexus RX 300, na upande wa ufahari ukawa umepata mfano wake. Upande wa spoti ulifunguliwa na BMW X5 ya mwaka 1999, kisha Porsche, kampuni iliyokuwa ikijulikana kwa magari ya mbio, ikaleta Cayenne mwaka 2002. Kwa maoni yangu, gari lililoidhihirisha dhana hii kuliko yote ni FX ya Infiniti, tawi la kifahari la Nissan, lililofika sokoni mwaka 2003. Wahandisi wa Nissan walilijenga juu ya msingi ule ule uliobeba magari yao ya Skyline na 350Z, wakairudisha injini nyuma ya mstari wa magurudumu ya mbele ili uzito ugawanyike vizuri, wakaipa FX45 injini ya V8 ya lita 4.5 yenye nguvu za farasi 315, kisha wakakubali bila haya kwamba buti litakuwa dogo na springi zitakuwa ngumu. Mtu aliyelalamika kwamba gari hilo halibebi mizigo alikuwa hajaelewa alichouziwa.

Uwezo wa magari haya hutangazwa zaidi kwa muda yanaochukua kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa. Alfa Romeo Stelvio Quadrifoglio, ambayo jina lake ni la njia ya milimani nchini Italia, ina injini ya V6 ya lita 2.9 yenye turbo mbili, yaani pampu za kuisukuma hewa ndani ya injini, na nguvu za farasi 510, na hufikia kasi hiyo kwa sekunde 3.8. Lamborghini Urus ya mwaka 2018, yenye nguvu za farasi 650, hutumia sekunde 3.6. Takwimu hizo ni za kweli na kwetu hazina kazi kubwa, kwa kuwa sheria ya Kenya haimruhusu mtu kuzidi kilomita 110 kwa saa popote pale, na matuta ya barabarani hayachagui gari. Kipimo chenye maana zaidi ni nguvu ya msokoto, yaani ile nguvu ambayo injini hutumia kuyazungusha magurudumu, na hasa kama nguvu hiyo hupatikana mapema au mpaka injini ipige kelele kwanza.

Jambo hili huonekana vizuri mtu akiwa nyuma ya lori la chumvi linalotoka Gongoni, kaskazini ya Malindi, akitafuta nafasi ya kulipita kabla ya daraja la mto Sabaki. Harrier la kizazi cha tatu, lililoanza kuuzwa mwaka 2013, likiwa na injini ya lita 2.0 isiyo na turbo lina nguvu za farasi 151 na msokoto wa nyutoni-mita 193, nao hupatikana injini ikifika mizunguko 3,800 kwa dakika. Lile la turbo, lililoongezwa mwaka 2017, lina lita 2.0 vilevile, lakini hutoa nguvu za farasi 231 na nyutoni-mita 350 kuanzia mizunguko 1,650 tu. La kwanza ukilikanyaga hunguruma, mshale wa mizunguko ukapanda, ndipo likaanza kuvuta. La pili huvuta mshale ukiwa bado chini. Ukiwa umeshatoka upande wa kulia, na basi la Lamu limechomoza mbele yako, tofauti hiyo ndiyo spoti yenyewe. Bei yake hulipwa kwenye kituo cha mafuta, kwani injini ile ya turbo iliundwa kwa petroli ya okteni ya juu, ilhali mwenzake hutosheka na ya kawaida.

Hata hivyo, mtu wa pwani asiyasome maelezo ya magari yaliyoandikwa na watu wa bara bila kuyapima. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda, kwa sababu hewa huzidi kuwa nyepesi. Turbo huziba pengo hilo kwa kuisukuma hewa ndani kwa nguvu. Gari lisilo na turbo linalosemwa kuwa ni zito huko Nairobi, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, hupata pumzi yake yote likifika Malindi. Turbo ina faida hata huku, kama tulivyoona kwenye lori la chumvi, ila faida hiyo si kubwa kama ilivyo bara, na joto letu huipunguza kidogo zaidi, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi nayo.

Kuhusu fo-wili, dhana hii huzua kutoelewana kwingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Fo-wili ya krosova ya spoti haikuwekwa kwa ajili ya mchanga. BMW, kwa mfumo wake uitwao xDrive, katika mwendo wa kawaida hupeleka asilimia 40 ya nguvu mbele na 60 nyuma, na kompyuta hubadilisha mgawo huo gari linapoanza kuteleza. Mfumo wa Infiniti FX waweza kupeleka nguvu zote nyuma, au kugawa nusu kwa nusu inapohitajika. Kusudi lake ni gari lishike lami iliyolowa na litoke kwenye kona kama gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Gia za chini za nguvu, zile zinazomtoa Land Cruiser kwenye mchanga wa ufuoni Mambrui akiwa amezama mpaka rimu, magari mengi ya aina hii hayana. Cayenne ya kizazi cha kwanza ilikuwa nazo, na Porsche ikaziondoa katika kizazi cha mwaka 2010, kwa kuwa wanunuzi wake walikuwa hawazihitaji. Tena Harrier nyingi zinazoletwa nchini husukumwa na magurudumu ya mbele peke yake, kwa hiyo kimo cha gari kisimdanganye mtu.

Umbo nalo lina sababu zake. Boneti ndefu, paa linaloteremka kuelekea nyuma na magurudumu yaliyosogezwa hadi pembeni kabisa hulifanya gari lionekane limejikunyata tayari kuruka. BMW X6 ya mwaka 2008 ndiyo iliyolifikisha paa hilo la mteremko mbali zaidi, na magari mengi yakaifuata. Abiria wa nyuma hulilipia kwa kichwa, mizigo hulilipia kwa nafasi, na dereva hulilipia kwa kioo cha nyuma kilichobaki kama mwanya. Kamera ya kurudi nyuma katika gari la namna hiyo si anasa. Viti vyeusi vya ngozi vinavyopendeza kwenye picha vikikaa saa moja kwenye jua la mchana la Malindi haviguswi kwa paja lililo wazi, na paa la kioo huongeza joto ambalo eyakondishena italazimika kulitoa.

Yote hayo hunileta kwenye vifaa vya hiari, ambavyo kwa maoni yangu ndivyo vinavyoamua gari fulani ni la namna gani kuliko jina lililobandikwa nyuma yake. Magari mawili ya aina moja na ya mwaka mmoja yanaweza kutofautiana sana, kwa sababu mnunuzi wa kwanza alichagua springi, rimu, viti na sensa alivyopenda yeye, katika nchi yake. Kwetu chaguo hilo hufika likiwa limeshafanywa, kwa kuwa magari mengi huja yakiwa yametumika, na sheria ya Kenya hukubali gari lililotumika mradi lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo swali si kifaa hiki ni kizuri kiasi gani, bali kitakuwaje kikiwa na miaka saba, kwenye hewa yenye chumvi.

Springi za hewa ni mfano mzuri. Mahali pa springi ya chuma huwekwa mfuko wa raba unaojazwa hewa na kompresa, na dereva huweza kuliinua gari kwenye njia mbaya na kulishusha kwenye lami. Zikiwa mpya hakuna kinachozishinda kwa ulaini. Raba ikizeeka hupasuka kwenye mikunjo, hewa huvuja, kompresa hufanya kazi bila kupumzika mpaka ife, na asubuhi mwenye gari hulikuta limelala kona moja. Springi ya chuma ikivunjika hupatikana madukani kwa urahisi. Ile ya hewa mara nyingi huagizwa na kusubiriwa. Mimi ningechagua springi za chuma zenye shokabsoba za kielektroniki, ambazo hukaza na kulegea kwa kubonyeza kitufe, nikaacha za hewa kwa mtu anayenunua gari jipya na atakayeliuza mapema.

Vipo pia vifaa vilivyogharimu fedha nyingi Japani na ambavyo hapa havina kazi. Ramani huonyesha mitaa ya Japani. Redio iliundwa kwa masafa ya megahezi 76 hadi 90, na katika magari ya karibuni hadi 95, ilhali vituo vyetu huenea hadi 108, hivyo vingi havishikiki mpaka fundi aongeze kifaa cha kubadilisha masafa. Na kila gari linapowashwa, sauti ya kike husema maneno ya Kijapani kutoka kwenye kisanduku kidogo kilichofichwa karibu na dashibodi. Hiyo ni mashine ya kulipia barabara za Japani ikimkumbusha dereva kwamba hajaweka kadi. Wengi huiacha iseme.

Kifaa cha hiari ninachokiangalia kabla ya vyote ni tairi, na hesabu yake haihitaji fundi. Harrier la daraja la Elegance huvaa 225/65R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo ambayo ndiyo kimo cha ukuta, na ya mwisho ni inchi za rimu. 65 kwa mia ya 225 ni milimita 146. La daraja la Premium, ambalo ni ghali zaidi, huvaa 235/55R18, na ukuta wake ni milimita 129. X6 yenye rimu za inchi 20 huvaa 275/40 mbele na 315/35 nyuma, na ukuta wa kila moja ni milimita 110 tu. Kadiri ukuta unavyofupika, ndivyo kona inavyokatwa kwa uthabiti na ndivyo shimo linavyogonga rimu moja kwa moja. Tena matairi ya mbele na ya nyuma yakiwa na upana tofauti hayawezi kubadilishana nafasi, kwa hiyo huisha mapema.

Magari mengi ya daraja hili hayabebi tairi la spea. Mahali pake huwekwa matairi yenye kuta zilizoimarishwa, ambayo yakitoboka huendelea kubeba gari, kwa kawaida kwa kilomita 80 hivi na kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, au huwekwa chupa ya povu na pampu ndogo. Kwa anayekwenda Mombasa huenda hilo likamtosha, kwani yuko Watamu au Kilifi kabla hajahangaika. Lakini kutoka Malindi hadi Mokowe, ambako magari ya wanaovuka kwenda kisiwani Lamu huachwa, ni zaidi ya kilomita 200, na kati ya Garsen na Witu duka la matairi ya inchi 20 halipo. Kabla ya kulipa, mnunuzi na ainue zulia la buti aone kama pana shimo la kuwekea spea. Likiwepo, hata kama spea yenyewe haimo, itanunuliwa.