Wingi wa msimu: tai wa Desemba, tai wa Julai

Ukimuuliza mtafiti wa ndege kama Tsavo kuna tai wengi, atakurudishia swali: mwezi gani? Wingi wa msimu ndio huo: idadi ya ndege wa aina fulani mahali fulani, inavyopanda na kushuka majira yakibadilika. Dhana pacha ni matumizi ya makazi, yaani ndege akishafika, anawinda wapi, anatua wapi, analala wapi.

Chukua tai anayezaliana kwenye nyika za Urusi na Kazakhstan. Baridi ikikaribia anashuka kusini, lakini bahari anaikwepa. Uzito wake hubebwa na hewa moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya maji hewa hiyo ni haba. Ndiyo maana wengi huvukia Bab el-Mandeb, mlango wa bahari kati ya Yemen na Jibuti, pale bahari ilipo nyembamba. Afrika Mashariki anaingia na vuli, na hapo hadhi yote ya tai inakwisha: ndege wa mabawa ya karibu mita 2 anatembea chini kama kuku, akidonoa kumbikumbi wanaochomoza kichuguuni baada ya mvua. Mvua ikihamia kwingine, naye huyoo. Julai utamtafuta bure. Yuko kwao, analea.

Kozi wa Amur, mdogo na mwepesi, haogopi maji. Anatoka Asia Mashariki, anapitia India, anakata Bahari ya Hindi, anapita kwetu Novemba na Desemba kuelekea kusini mwa Afrika. Huko mchana anawinda wadudu kwenye nyasi, jioni wanajazana kwenye mikaratusi mirefu ya mijini. Mhesabuji wa mbugani na wa mjini watabishana, na wote wana haki.

Furukombe, tai mla samaki, hana mambo hayo ya kuhamahama. Penye samaki yupo, mwaka mzima.

Kuhesabu kwenyewe hufanywa mara nyingi kwa gari la mwendo wa polepole, macho pande zote mbili za barabara, kisha jumla inaandikwa kama ndege kwa kila kilomita 100. Mtego wa hesabu hii uko vichakani. Uwandani kila ndege aliyetua juu ya nguzo ya umeme anaonekana, kichakani anajificha. Halafu kiangazi majani yanapukutika, na kichaka kilekile kinaonyesha ndege zaidi, ilhali hakuna hata mmoja aliyeongezeka.