Mheshimiwa mbele ya maikrofoni: tunayodhani, na yanayotokea kweli

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mtayarishaji wa kipindi cha Kiswahili katika redio moja ya Kampala. Kazi yangu ilikuwa kupiga simu, kubembeleza wasaidizi, kupokea wageni getini, kisha kukaa nyuma ya kioo na kuwatazama wakubwa wakiulizwa. Wamepita mawaziri, makamishna, wabunge wa vipindi vitatu na vinne. Walioaibika mbele yangu hawakuwa wachanga wa siasa. Wengi walikuwa wakongwe. Na kila mmoja alipoaibika, kesho yake niliyasikia maelezo yaleyale kwenye teksi na kwenye vibanda vya chai, na mengi ya maelezo hayo si kweli.

“Mkongwe hana haja ya kujiandaa”

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Mtu amekaa bungeni miaka ishirini, amehutubia kwenye mvua na kwenye vumbi, utamfundisha nini kuhusu kusema?

Kuhutubia na kuhojiwa ni kazi mbili tofauti. Jukwaani mheshimiwa ndiye anayechagua aanze na nini na anyamaze lini. Akiona watu wamepoa, anaanzisha wimbo, anawatania akina mama, anarudi kwenye mada mioyo ikiwa imechangamka. Studioni hakuna wa kuitikia wimbo. Kuna mtangazaji mmoja, saa ya ukutani, na swali.

Tena ukubwa wenyewe ndio unaomlemaza. Mbunge mpya bado anaulizwa: na mkewe, na wazee wa kwao, na mwenye duka anayemdai. Akishapata uwaziri anapata wa kumbebea simu, wa kumfungulia mlango na wa kumwandikia hotuba, na wote hao wameajiriwa kusema “ndiyo, mzee”. Maswali yanakoma. Baada ya miaka mitano ya kutoulizwa, mtu huanza kusikia swali la kawaida kama tusi.

Jambo hili si la Uganda peke yake. Mwaka 1979, Edward Kennedy, aliyekuwa seneta wa Marekani tangu 1962, alikuwa amebakiza wiki chache tu atangaze kuwania urais. Mwandishi Roger Mudd wa CBS, televisheni ya huko Marekani, akamuuliza kwa nini anataka kuwa rais. Hilo ni swali ambalo hata mgombea wa LC1, yaani uenyekiti wa kijiji, huku kwetu analijibu akiwa amelala. Kennedy alizunguka, akasitasita, akataja maliasili na watu wenye elimu, na jibu halikufika. Mwaka uliofuata Jimmy Carter akamshinda ndani ya chama chao. Nilikuwa nawasimulia wasaidizi kisa hiki, nao walidhani nawatisha.

Uganda tuliwahi kuwa na mahali pa kufanyia mazoezi, tukapafunga. Nazungumzia ebimeeza, ile mijadala ya redio ya hadharani iliyoshamiri miaka ya 2000, mwananchi akisimama na kinywaji chake mkononi na kumuuliza mbunge ana kwa ana. Ekimeeza maana yake ni meza kubwa, neno ambalo Mswahili anaona undugu wake papo hapo, na kile cha CBS ya kwetu, redio ya ufalme wa Buganda, kiliitwa Mambo Baado, jina la Kiswahili kabisa. Baada ya ghasia za Buganda za Septemba 2009 serikali ilivipiga marufuku, na CBS yenyewe ikazimwa kwa zaidi ya mwaka. Watu husema waliopoteza ni wananchi. Ni kweli, lakini wanasiasa nao walipoteza. Aliyezoea kuulizwa na fundi baiskeli aliyelewa kidogo hatishwi na mtangazaji mwenye tai.

“Akitumiwa maswali mapema, basi amejiandaa”

Hapa nina donge. Ukiomba mahojiano na ofisi kubwa ya serikali, jibu la kwanza ni: andika barua, gonga muhuri, ambatisha maswali. Unaandika. Wiki mbili baadaye mheshimiwa anafika na karatasi nne zilizoandikwa na wataalamu wa wizara, majibu yamepangwa kwa namba. Anasoma la kwanza vizuri. Mtangazaji anauliza swali la nyongeza, dogo tu: “Hiyo hospitali uliyoitaja, ina daktari wa upasuaji?” Macho yanashuka kwenye karatasi. Jibu halimo.

Karatasi hizo ni maandalizi ya aliyeziandika. Mheshimiwa amezipokea garini.

Kumpa mgeni mada si kosa. Ni adabu, na mara nyingi mahojiano yananoga zaidi. Tulikuwa tukiwaambia: tutazungumzia dawa katika vituo vya afya, hasa wilaya hizi mbili. Maneno kamili ya swali tulibaki nayo sisi. Wasaidizi wakinuna, niliwakumbusha kuwa anayetaka jibu la maandishi ana njia yake. Ibara ya 41 ya Katiba inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inaipa ofisi siku 21 za kujibu ombi. Barua inajibiwa kwa barua. Kwenye mahojiano watu wanataka kumsikia mtu akifikiri.

“Aibu ni kutojua tarakimu”

Hapana. Aibu ni kuitunga.

Mei 2017, Diane Abbott, mbunge wa Uingereza tangu 1987, alihojiwa na redio ya LBC kuhusu ahadi ya chama chake ya kuajiri polisi 10,000. Gharama? Akasema pauni 300,000. Mtangazaji akashangaa palepale: mnawalipa kiasi gani? Ukigawanya, ni pauni 30 kwa askari mmoja. Kuanzia hapo kila namba aliyoitoa ilimzamisha zaidi. Baadaye alieleza kuwa siku hiyo alikuwa ametoka kwenye mahojiano mengine mengi na kisukari kilikuwa kimemlemea. Binafsi namhurumia, na nadhani aliyepanga ratiba ile ana lawama kuliko yeye. Lakini angesema tu, “Hesabu kamili sinayo hapa, nitawaletea kabla ya saa sita,” habari ingekufa mchana huohuo.

Kwetu namba zina balaa la ziada. Mheshimiwa wa kutoka Buganda amekua akihesabu kwa emitwalo, yaani makumi elfu. Milioni kwake ni akakadde, bilioni ni akawumbi, trilioni ni akase. Taarifa ya wizara ameisoma kwa Kiingereza. Sasa unamketisha kwenye kipindi cha Kiswahili na kumwambia ataje bajeti. Nimesikia kwa masikio yangu bilioni zikigeuka milioni na kurudi kuwa bilioni katika sentensi moja, na msemaji hakuwa mjinga wala mwizi. Alikuwa anavuka mito mitatu kwa pumzi moja.

Dawa yake ni kuishusha namba mpaka ifike mezani. Bajeti ya mwaka wa fedha 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 72.1. Sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9. Gawanya: ni kama shilingi milioni moja na laki sita kasoro kwa kila kichwa, mtoto mchanga akiwemo. Aliyefanya hesabu hiyo mwenyewe kwa kalamu haisahau, hata umwamshe usiku. Pia anajua swali linalofuata, kwa sababu amekwisha kujiuliza: kama fungu langu ni hilo, mbona silioni? Hapo ndipo anapaswa kuwa tayari kueleza kuwa sehemu kubwa ya fedha zile ilikwenda kwenye madeni.

“Kiswahili anakijua, alikuwa jeshini”

Wenzetu wa Kenya na Tanzania hulisema hili kwa nia njema. Anayejua Kiswahili cha amri na cha salamu anakijua kweli, na wengine wana lafudhi tamu kuliko yangu. Lakini Kiswahili cha kambini hakikuwahi kudaiwa kieleze mfumuko wa bei, dhamana za serikali au bajeti ya nyongeza. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Kati ya tarehe hizo mbili, watu wengi wa tabaka linalotawala walikiacha kwa askari, kwa wafanyabiashara wa mipakani na kwa Wanubi wa Bombo. Kwa hiyo mheshimiwa anapopigiwa simu na idhaa ya Kiswahili ya nje, anaitikia kwa furaha, anasalimia vizuri, na dakika ya tatu amekwisha kuhamia Kiingereza.

Maandalizi hapa ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Maneno kumi na tano ya wizara yako, yaandike, yatamke kwa sauti mara tatu. Mmoja alifanya hivyo akaja na kijidaftari. Alikosea ngeli kila sentensi, na hakuna msikilizaji aliyelalamika.

“Mwandishi alimtega”

Wakati mwingine ni kweli. Yupo mwandishi anayekuja na kichwa cha habari mfukoni, akitafuta tu sauti ya kukipachika. Lakini kwa niliyoyaona, mara nyingi ni kinyume: mwandishi naye hajasoma kitu. Anauliza, “Mheshimiwa, una maoni gani kwa ujumla?” na mheshimiwa, kwa kukosa pa kushika, anajitega mwenyewe. Na mwandishi aliyechukua bahasha ya nauli asubuhi hatauliza swali gumu jioni. Anamfanya mkubwa aamini kuwa mahojiano yote huwa hivyo, mpaka siku atakayokutana na mtu asiyepokea bahasha. Sisi wa upande wa pili wa kioo tumeshiriki kuwalea hivi.

Kuhusu “hili usinirekodi”, nitasema kifupi tu. Hesabu kila maikrofoni kuwa iko wazi. Gordon Brown, akiwa waziri mkuu wa Uingereza, alimteta mpiga kura ndani ya gari mwaka 2010 na kifaa cha Sky News bado kiko kifuani. Na huku kwetu studio ya leo ina kamera. Ulichokisema saa tatu kiko WhatsApp saa tatu na robo.

“Usipokwenda, huwezi kukosea”

Hili lina ukweli ndani yake na sitalikana. Mdahalo wa kwanza wa wagombea urais katika historia yetu ulifanyika Kampala Januari 2016, na Rais Museveni hakuhudhuria. Alikuja kwenye wa pili, Februari 13. Siku chache baadaye akatangazwa mshindi kwa asilimia 60 na ushei, matokeo ambayo wapinzani waliyakataa. Anayetaka kudai kuwa kiti kitupu humwangusha mtu lazima aanze kwa kulieleza hilo.

Ila rais ana majukwaa mengine elfu. Waziri wa kawaida hana. Asipokuja, kipindi hakifungwi: atakaribishwa mpinzani wake, na mtangazaji atasema kila baada ya tangazo la biashara kwamba wizara ilialikwa haikutokea. Nafasi ya maelezo hujazwa na uvumi, na uvumi haurudishwi kwa barua ya ufafanuzi.

“Kujiandaa ni kujifunza kukwepa”

Wako wanaolipia mafunzo ya namna hiyo. Wanafundishwa kusema “hilo ni swali zuri, lakini la muhimu zaidi ni…” na msikilizaji wa Luweero anaunusa ujanja huo kabla sentensi haijaisha.

Mgeni aliyejiandaa kuliko wote niliowahi kuwapokea alikuwa naibu waziri mmoja, mama wa makamo, mpole. Nilimuuliza siri yake tukisubiri ishara ya kuingia. Akasema hana mwalimu, ana dereva. Wakitoka Entebbe, dereva ana ruhusa ya kumuuliza lolote, na sharti ni moja tu: asimwite mheshimiwa mpaka wafike. Siku ile, palepale kwenye msongamano wa Kajjansi, alikuwa amemuuliza kwa nini mwanawe alirudishwa nyumbani kutoka shule ya serikali inayosemekana ni ya bure.

“Nilimkasirikia mpaka Kibuye,” akasema. Kisha taa nyekundu ikawaka, akaingia, na swali la kwanza la mtangazaji lilikuwa hilohilo.