Herufi K, kutoka kitanda mpaka kidakatonge

Kazi yangu ni kamusi, yaani kutwa nzima nashinda na maneno, nayapanga, nayatafutia maelezo, nabishana na wenzangu lipi liingie lipi lisubiri, na kama kuna herufi inayonipa raha kuliko zote basi ni K. Hebu angalia tu vitu vilivyokuzunguka hapo ulipo: kiti, kitanda, kabati, kioo, kikombe, kijiko, kisu, kalamu, karatasi, kitabu, kiatu, kofia, koti, kufuli, kitana, kamba. Ukifungua kamusi ya Kiswahili, sehemu ya K ni nene mno, na wengi hudhani ni kwa sababu ya kula, kulala, kusoma na wenzao. Hapana, hizo hazimo kabisa, manake kamusi inakiweka kitenzi bila ile ku- ya mbele, kwa hiyo kusoma utaikuta kwenye S na kulala kwenye L.

Kinachoinenepesha K ni ki-.

Hii ki- ya ngeli ya KI-VI inaweza kukaa mbele ya kitenzi ikakupa kifaa papo hapo: funika inazaa kifuniko, pima inazaa kipimo, kaanga inazaa kikaango, na hata neno kifaa lenyewe limetoka kwenye faa. Mfano ninaoupenda zaidi ni kizibo na kizibuo. Kizibo ndicho kinachoziba mdomo wa chupa, kizibuo ndicho kinachouzibua, na tofauti yote ya vitu hivi viwili vinavyofanya kazi kinyume imebebwa na ka-irabu kamoja tu, ile u ya katikati, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayogeuza funga kuwa fungua na kunja kuwa kunjua. Wengi siku hizi wanasema "cha kufungulia chupa", maneno matatu, wakati kizibuo kipo kimekaa kinasubiri kutumiwa. Naomba tukitumie jamani.

Shuleni tunafundishwa kwamba ki- ni ya udogo, na kweli mlima ukipungua ni kilima, mto ni kijito, mji ni kijiji. Lakini udogo hauelezi kila kitu, kwa sababu kiboko na kifaru wamo humo humo na hakuna aliyewahi kuwaita wadogo. Alafu ukishafika kwa viumbe, sarufi inahama: tunasema kiboko anaoga, kipofu anatembea, kiongozi amefika, ingawa wingi unabaki viboko, vipofu na viongozi. (Ndege nao wameipenda K hata bila ki-: kuku, kanga, kware, kasuku, kunguru, korongo, kozi.)

Sehemu inayonishangaza mpaka leo ni magonjwa. Hesabu mwenyewe: kikohozi, kifaduro, kifafa, kichocho, kisukari, kiharusi, kifua kikuu, kiungulia, kigugumizi, kichomi. Humo ndani kuna kundi lenye umbo lake la pekee, shina linarudiwa mara mbili: kizunguzungu, kichefuchefu, kipindupindu. Zungu ni ile ya zunguka na chefu ni ile ya chefua, na kule kurudiarudia ndiko kunakokufanya uhisi kitu kisichotulia, kinachokuja na kuondoka na kuja tena, yaani ukitamka kichefuchefu taratibu tumbo lenyewe linakuelewa. Na kitefutefu nacho kiko hapo, ile hali ya mtu aliyekwisha kulia lakini kifua bado kinaruka. Kwikwi haina ki- lakini naitaja kwa heshima, manake ni sauti yenyewe imeandikwa.

Sasa maneno adimu, ambayo ndiyo hasa yalinifanya nikae niandike. Kiswahili kina namna ya kuchukua ki-, kitenzi na jina, vikashikana vikawa neno moja lenye sentensi nzima tumboni. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, wengine wanakiita kimio, kinaitwa pia kidakatonge, kwamba kiko pale kinadaka matonge yanapopita. Yule mdudu wa kijani anayesimama kama ameinua mikono ni kivunjajungu. Mtoto wa kwanza ni kifunguamimba, wa mwisho ni kitindamimba, kutokana na tinda, kitenzi cha zamani cha kukata, kwa hiyo huyu ndiye aliyekata uzazi. Na ule mmea unaojikunja majani ukiugusa ni kifaurongo, ule unaokufa kwa uongo. Mtu aliyeunda neno kifaurongo aliuinamia ule mmea, akaugusa, akausubiri mpaka ukafunguka tena, huwezi kupata jina kama hilo kwa kupita njia tu.

Kama unataka kuona K ikifanya kazi zake nyingi kwa pamoja chukua methali ya kikulacho ki nguoni mwako. Neno la kwanza ni ki-ku-la-cho. Ki ni hicho kitu, ku ni wewe unayeliwa, la ni kitenzi, na cho ni ki ile ile imekutana na o ya rejeshi (ile inayobeba maana ya "ambacho") ikabadilika sura. Alafu ki inayofuata inasimama peke yake bila kitenzi chochote na maana yake ni "kiko" au "ni", matumizi ya zamani ambayo leo utayasikia zaidi kwenye methali na mashairi. Kwa hiyo ndani ya maneno manne kitu hicho hicho kimetajwa mara tatu, na neno kitu halikutamkwa hata mara moja.

Maneno ya kigeni nayo yakiingia yanakutana na nguvu hiyo hiyo. Kitabu ni Kiarabu, na huko ki yake ni sehemu ya neno, si kiambishi, lakini masikio ya Waswahili yalisikia ki- na wingi ukawa vitabu. Vivyo hivyo kipilefti, ule mzunguko wa barabarani, ambao asili yake ni amri ya Kiingereza ya kumwambia dereva ashike kushoto, leo ni vipilefti viwili, vitatu bila shida yoyote. Kwenye tahajia pia K imebebeshwa mizigo ya wengine, kwa sababu hatuna q, hatuna x, na c haisimami bila h: ndiyo maana tuna kamera, kompyuta, Kurani, teksi na boksi. Cha ajabu ni kwamba Warumi walifanya kinyume, waliipokea K ambayo Wagiriki waliipata kwa Wafoinike (watu wa kale wa pwani ya Lebanoni, kwao jina lake lilimaanisha kiganja cha mkono) wakaiacha karibu kabisa wakatumia C.

Kuna K nyingine ambazo hazionekani, na hizi humsumbua sana anayejifunza kutumia kamusi. Ki- ikikutana na irabu mara nyingi inageuka ch, kwa hiyo chombo, chumba na chakula wako ngeli moja na kiti, angalia tu wingi wao: vyombo, vyumba, vyakula. Ila kiatu, kiazi na kioo wamekataa kugeuka. Na ukishika kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson ya 1939 ujue kwamba maneno mengi yaliyozaliwa na kitenzi yamepangwa chini ya kitenzi chake, kicheko kitafute kwa cheka, tofauti na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya 1981.

Na bado kuna K mbili ambazo maandishi ya kawaida hayazitofautishi. Kwa Wamvita, yaani Waswahili wa Mombasa, kaa la moto na kaa wa baharini si matamshi mamoja, yule wa baharini K yake inatoka na pumzi, na anayelijua hilo tangu utotoni anazitenganisha bila kufikiri hata kama kwenye karatasi ni herufi zile zile tatu.