"Dar" si bandari

Kwenye daladala la Kariakoo nimemsikia kijana akimweleza mwenzake kwa uhakika kabisa: "Dar maana yake ni bandari, ndiyo maana tunaitwa Bandari ya Salama." Wengi tumekua na imani hiyo, nami inaniuma kuona jina zuri hivi likielezwa kombo.

Dar ni neno la Kiarabu, maana yake nyumba au makao. Hiyo "es" ni kiambishi "al", ambacho herufi yake ya L humezwa na S ya "salaam" inayofuata. Kwa hiyo jina ni Makao ya Amani, na ndani ya Kurani linatajwa kama jina la Pepo. Sultani Majid wa Zanzibar ndiye aliyeanza kuujenga mji huu miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Bandari ilikuwepo kweli, lakini neno "bandari" asili yake ni Kiajemi, tena ni neno jingine kabisa.

Kufanana kwa sauti si undugu. Kwa Kihispania "dar" ni kutoa, kutoka Kilatini "dare". Kirusi nacho kina "dar", yaani zawadi, na hapo undugu upo kweli, kwani Kirusi na Kilatini zina babu mmoja. Kiarabu hakimo katika ukoo huo. Kituruki nacho kina ukoo wake: "dar" ni -embamba, na "dar sokak" ni kichochoro, kama vile vya Kariakoo tunavyopita kwa kubanana.