Kusikia ladha ya tumbaku kwenye kiko: anza na namna jani lilivyokauka

Kila kijana anayenunua kiko chake cha kwanza hunijia na lalamiko lile lile. Maelezo ya kopo yanataja zabibu kavu, asali, ngozi, karanga. Yeye anawasha, anavuta, anangoja. "Mzee, mimi nasikia moshi tu."

Hajakosea. Ladha anayoisaka anaisaka ulimini, na ulimini haipo.

Kazi yangu imekuwa uteuzi wa tumbaku: kusimama sokoni kwenye chama cha msingi, robota linafunguliwa, unashika jani, unalinusa, unalinyoosha kwenye mwanga, unataja daraja, unahamia robota linalofuata. Mteuzi havuti anachokiteua. Ana macho, vidole na pua, basi. Kiko nilikizoea baadaye, na ile pua ya sokoni ndiyo iliyonifaa.

Fanya jaribio dogo kabla hujagusa kiberiti. Chukua andazi lenye iliki, bana pua, utafune. Utapata utamu na mafuta, iliki hutaipata. Achia pua, na iliki inajaa kinywa chote. Ulimi unajua mambo machache: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ule ukolezo wa supu ya nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda puani kupitia nyuma ya koo. Moshi wa kiko unafuata njia hiyo hiyo. Ukiuvuta mdomoni na kuupuliza mbele moja kwa moja, umeupitisha ulimini tu, na ulimi utakuambia ukweli wake: moshi.

Kwa hiyo jifunze kuutoa kidogo puani. Vuta moshi mdomoni, usiuingize mapafuni. Funga mdomo, upulize mwingi wake nje, kisha kile kilichobaki, kiasi kidogo sana, ukisukume polepole kitoke puani pamoja na pumzi. Mara za mwanzo pua itawasha na macho yatalengalenga. Punguza kiasi, si lazima kila pumzi. Pumzi moja kati ya kadhaa inatosha kukueleza unachovuta.

Niseme na hili hapa hapa, maana watu hujidanganya nalo. Kutoingiza moshi mapafuni hakukifanyi kiko kuwa salama. Moshi wa kiko huachia nikotini kwenye ngozi ya ndani ya mdomo, kwa hiyo uraibu unakuja vilevile, na wavuta kiko wanapata saratani za mdomo, koo na mapafu. Kama huvuti, makala hii isiwe sababu ya kuanza. Sehemu kubwa ya ninayoyaeleza utayapata kwa kunusa majani makavu tu, ndivyo nilivyoyapata mimi.

Kuna vitu viwili vinavyoziba ladha kuliko vyote: maji na haraka. Tumbaku nyingi za kopo huuzwa zikiwa na unyevu mwingi kupita kiasi. Ukiijaza hivyo kwenye bakuli la kiko, unachovuta ni mvuke wa moto. Ulimi unaungua, unakuwa kama umelambishwa chokaa, na siku mbili zijazo hata chai huioni utamu. Tandaza tumbaku kwenye karatasi, iache ikauke hadi uibanapo kwa vidole isishikamane, ila isivunjike unga. Wageni wengi wanaogopa kwamba kuikausha kutapoteza harufu. Harufu inayopotea ni ndogo. Ile inayofunguka ni kubwa mno. Kuhusu haraka, kiko kikikuunguza mkono kwa nje, kimeshaunguza ladha ndani. Kiache kizime. Kuwasha tena si aibu, na mpulizo wa kwanza baada ya kuwasha upya mara nyingi huwa na mengi ya kusema.

Ujazaji hauna siri kubwa: chini legelege, juu ushindilie kidogo, hewa ipite bila kulazimishwa. Kabla hujawasha, vuta hewa kupitia kiko kilichojazwa. Hewa hiyo baridi ina harufu safi ya jani lenyewe, bila moto. Iweke akilini, kisha washa, uone nini kimebaki na nini kimezaliwa.

Sasa tuje kwenye jani, maana hapa ndipo wanaoanza hupotezwa na orodha za maneno. Utaambiwa utafute tini, utafute keki ya matunda ya Waingereza, vitu ambavyo pengine hujawahi kuvila. Achana navyo. Jiulize swali moja tu: jani hili lilikaukaje? Ladha kubwa za tumbaku zinatokana zaidi na ukaushaji kuliko mahali ilikolimwa, na ukishajua kilichotokea ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, unajua pua yako itafute nini.

Chukua Virginia, ambayo Tabora, Urambo na Chunya tunaiita tumbaku ya mvuke. Jani linaingia bani likiwa bado hai. Moto unawaka kwenye tanuri, joto linapita ndani kwenye mabomba ya bati, moshi haugusi jani hata kidogo. Mwanzoni mkulima anashika joto la kiasi, nyuzi 35 hivi, na bani lina unyevu mwingi. Jani linageuka njano, na wakati huo vimeng'enya vyake vinabadilisha wanga kuwa sukari. Kisha anapandisha joto kwa hatua, hadi nyuzi 70 na kidogo, mpaka mshipa wa kati nao ukatike kwa mlio. Kwa muda wa kama wiki moja jani limekufa na sukari yake ikiwa ndani. Mkulima hakulipatia nafasi ya kuila.

Sukari hiyo ndiyo unayoivuta. Virginia ya rangi ya limau hunuka nyasi kavu baada ya jua la mchana, ganda la ndimu, mkate mweupe. Majani ya juu ya mmea, mazito, yaliyokomaa na kuelekea rangi ya chungwa na wekundu, yana tende, zabibu kavu, wakati mwingine uchachu wa ukwaju ulioiva. Ikishindiliwa kuwa vipande bapa na kuwekwa koponi kwa miaka, makali yanatulia na utamu unazama chini. Ila sukari hiyo hiyo ndiyo inayomwadhibu mwenye papara: hakuna tumbaku inayouma ulimi wa mtu wa haraka kama Virginia. Wengi wanaikimbia hapo, wakidhani jani lina kasoro.

Burley imepita njia nyingine kabisa. Aina nyeupe tunayoijua leo ilionekana mwaka 1864 katika wilaya ya Brown, jimbo la Ohio nchini Marekani, kwenye miche iliyoota rangi ya kufifia kutokana na mbegu za Kentucky. Majirani zetu wa Malawi wamejenga sehemu kubwa ya biashara yao ya nje juu yake. Hii ni tumbaku ya hewa: inaning'inizwa kwenye vibanda vyenye upepo, bila moto, kwa majuma mengi. Jani linakufa taratibu, na katika kufa huko linakula sukari yake karibu yote. Kwa hiyo usitafute utamu ndani ya Burley, utachoka. Tafuta karanga zilizokaangwa bila chumvi, kakao tupu, ubao mkavu, ganda la korosho. Mara ya kwanza utaiona kavu na bubu. Mimi naipenda kwa hilo, haikubembelezi.

Ukavu huo una faida kwa wenye viwanda. Jani la Burley lina vinyweleo vya kutosha kunywa kimiminika chochote utakacholiloweshea: vanila, cheri, ramu, asali, chokoleti. Ndipo zilipotoka zile tumbaku za manukato ambazo karibu kila anayeanza hununua kwanza, kwa sababu kopo likifunguliwa linanukia kama duka la keki. Mwenye kuzifaidi hasa ni mtu aliyekaa kando yako. Manukato mengi hupeperuka na joto, wewe mvutaji unabakiwa na jani lililolowa, lenye maji, linalochemka. Sizidharau, kuna jioni zinafaa, na wa nyumbani hawatalalamika sana. Lakini kwa kujifunza kuonja ni darasa baya, maana unachokinusa koponi na unachokivuta ni vitu viwili, na pua yako inafundishwa kutojiamini.

Kisha kuna moshi. Ruvuma, upande wa Songea na Namtumbo, wanalima tumbaku ya moshi: moto wa magogo unafukizwa chini ya majani yenyewe, na moshi unaingia ndani ya jani. Kwenye kiko inaleta nyama iliyobanikwa, kuni, na aina ya uchachu unaokaribia siki. Nikotini yake ni nzito. Kula kwanza, tena ule chakula, si andazi. Ukianza kupata kwikwi, jasho la baridi na kichefuchefu, weka kiko chini, kunywa maji, ukae. Usishindane nayo.

Latakia nayo ni ya moshi, ila ukoo wake ni mwingine. Ilichukua jina la bandari ya Syria, na leo inayopatikana kwa wingi ni ya Cyprus. Jani dogo la jua linafukizwa kwa miti na vichaka vyenye utomvu wa kunukia hadi linakuwa jeusi. Msomaji wa pwani ataijua bila kufundishwa: ni chetezo kimewashwa ndani ya duka la ngozi. Na hapo ndipo mtego. Latakia inasikika na pua yoyote, hata yenye mafua, kwa hiyo mwanafunzi anafurahi kwamba hatimaye amepata ladha, anabaki nayo mwaka mzima, na akirudi kwenye Virginia anakuta kimya. Ningemwomba aicheleweshe. Pia aitengee kiko chake, maana harufu yake inaganda kwenye mbao na itachungulia katika kila kitu utakachojaza baadaye.

Perique ni ajabu ya jimbo la Louisiana, Marekani, katika wilaya (wenyewe huiita parokia) ya St. James, ambako Pierre Chenet anatajwa kuwa mkulima aliyeianzishia soko mwaka 1824. Majani yanashindiliwa ndani ya mapipa ya mbao kwa jeki, yanachacha kwenye maji yao yenyewe, yanafunguliwa, yanageuzwa, yanashindiliwa tena, kwa muda wa kama mwaka. Matokeo yake ni matunda yaliyochacha na pilipili manga, na pilipili hiyo utaikuta puani, sio ulimini. Huvutwa kwa kuchanganywa, mara chache sana peke yake. Tumbaku za mashariki, za Izmir na Samsun huko Uturuki au Xanthi huko Ugiriki, zinakaushwa kwa jua, majani madogo kama kiganja cha mtoto, na huleta viungo vikavu na uchachu kidogo wa maziwa mgando. Hizo ziache hadi mengine yakukae.

Kwa vitendo, ningenunua Virginia tupu na Burley tupu, bila manukato, na viko viwili. Viko si lazima viwe vya gharama. Vile vya magunzi ya mahindi vinavyotengenezwa Washington, jimbo la Missouri, na kampuni ya Missouri Meerschaum tangu 1869, ni rahisi na vinafanya kazi tangu mvuto wa kwanza, havidai kuzoeshwa kama vile vya mzizi wa mti. Vuta Virginia hadi uzoee, siku nyingine Burley, katika saa ile ile na baada ya chakula kile kile kadiri inavyowezekana. Maji ya kawaida pembeni. Soda na kahawa tamu zitakuibia utamu mdogo wa jani.

Andika, na uandike kabla hujasoma maelezo ya kopo, kwa maneno ya jikoni kwenu. Kijana mmoja wa Mbeya aliniandikia kwamba Burley yake inanuka "ghala la mahindi baada ya mvua". Hakuna mchambuzi wa Ulaya atakayeandika hivyo, na ni sahihi kabisa. Nilipoivuta tena niliikuta palepale. Gawa maandishi mara tatu: mwanzo wa bakuli, katikati, mwisho. Mwanzo ni mwepesi na mtamu zaidi. Katikati ndipo jani linajieleza. Chini, unyevu na lami vimekusanyika, ladha inakuwa nzito na yenye uchungu, na hakuna anayekulazimisha kumaliza. Kung'uta.

Jambo moja kwa walioko Tabora, kwa kuwa huulizwa: jani lililotoka bani juzi halijawa tumbaku ya kiko. Linahitaji kukaa ghalani muda mrefu, mwaka na zaidi, makali yake yapungue. Linuse, lijue, ila usilikate na kulivuta halafu ukaja kuniambia Virginia ni mbaya.

Ukishazitofautisha Virginia na Burley ukiwa umefumba macho, anza kuchanganya mwenyewe. Weka sehemu tisa za Virginia na moja ya Latakia, uvute, uandike. Kisha nane kwa mbili, saba kwa tatu. Kuna mahali nyasi na ndimu vitaacha kusikika na kubaki ubani tu, na mahali hapo si pamoja kwa pua zote. Kwangu ni karibu na nusu kwa nusu. Kwa Perique anza chini zaidi, sehemu moja kwa kumi na tisa, maana ikizidi kidogo pilipili itakutoa kwenye kiti.