Je, wajua kwa nini vikalio vya daraja la besi hukaa upogo?

Mtazame mpiga gitaa la besi wa bendi yoyote ya dansi, pale chini ya mkono wake wa kulia. Kuna bamba la chuma lililofungwa kwenye mwili wa gitaa: hilo ndilo daraja. Juu yake kila uzi umelalia kipande kidogo cha chuma, ambacho hapa nitakiita kikalio. Sasa angalia vizuri. Vikalio hivyo vinne havikai mstari mmoja. Cha uzi mwembamba kimesogea mbele kuelekea shingoni, na cha uzi mnene kimerudi nyuma. Asiyejua hudhani skrubu zimelegea. Kumbe upogo huo ndio unaolifanya gitaa liimbe sawasawa, na ukiunyoosha kwa rula umeliharibu.

Freti za gitaa, yaani vile vijiti vya chuma vilivyolazwa kukatiza shingo, hupangwa kwa hesabu. Freti ya 12 hukaa katikati ya uzi, maana uzi uliogawanywa nusu hutoa noti ileile, oktavu moja juu. Besi nyingi za mtindo wa zamani zina uzi wa inchi 34, yaani kama sentimita 86.4, kwa hiyo freti ya 12 iko sentimita 43.2 kutoka mwanzo wa shingo, kule kwenye vigingi vya kutyunia. Hesabu hiyo ingetosha kama uzi ungekuwa mstari uliochorwa kwenye karatasi. Lakini uzi wa chuma una tabia zake. Ukiubonyeza hadi ukaigusa freti, unauvuta kidogo, na uzi uliovutwa hupanda sauti. Halafu uzi mnene ni mgumu kupinda: pale unapokaribia kikalio hautikisiki kwa uhuru, hivyo sehemu inayoimba hasa ni fupi kuliko inavyoonekana kwa macho. Mambo yote mawili yanasukuma noti juu ya mahali pake. Dawa ni kuuongezea uzi urefu kidogo kwa kurudisha kikalio nyuma. Nyuzi nne za besi, kuanzia mnene hadi mwembamba, huitwa E, A, D na G. Uzi wa E, unaotikisika kama mara 41 kwa sekunde, ndio mnene kuliko wote, nao huhitaji nyongeza kubwa zaidi. Wa G, unaotikisika mara 98, hutosheka na kidogo sana.

Mtengenezaji wa magitaa, Leo Fender, alipotoa besi yake ya umeme mwaka 1951 huko California, aliipa jina la Precision kwa sababu freti zilimwezesha mpigaji kuipata noti barabara, tofauti na besi kubwa ya kusimama isiyo na freti. Hata hivyo daraja lake lilikuwa na vikalio viwili tu. E na A walikalia kimoja, D na G kingine. Ukiiweka sawa E, A inakosea. Ukiihurumia A, E inalalamika. Ilibidi kusubiri hadi 1957 ndipo kila uzi ukapata kikalio chake, na Jazz Bass, besi nyingine ya Fender ya 1960, ikaurithi mpango huo. Nakala za toleo la 1951 zinauzwa hadi leo zikiwa na vikalio viwili, na mwenye nayo hana budi kutafuta mahali pa katikati ambapo nyuzi zote mbili zinavumilika.

Kurekebisha ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe. Anza na nyuzi nzima, kwa sababu uzi uliochakaa haurekebishiki. Nyoosha shingo kwanza, kisha weka kimo cha nyuzi, ndipo ushughulikie urefu. Ukibadili kimo baadaye utaanza upya. Hapo uangalie ufunguo: skrubu ndogo za kimo nyingine ni za inchi na nyingine za milimita, na ukilazimisha usiofaa utakula pembe zake. Shika gitaa kama unavyolipiga, usililaze mezani. Tyuni uzi ukiwa wazi. Uguse juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, uupige, sikiliza. Kisha ubonyeze palepale, uupige tena. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu kuliko ile ya kugusa, rudisha kikalio nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kabla ya kuzungusha bisibisi, na utyuni upya kila mara kabla ya kupima. Programu ya kutyuni kwenye simu inatosha kabisa.

Wengi hukimbilia kununua daraja zito la shaba kabla hata ya kufanya hayo. Wanaolipenda husema noti hudumu zaidi. Kwa masikio yangu tofauti ni ndogo, na bamba jepesi lililokunjwa la miaka ile lina sauti ninayoipenda. Sababu nzuri ya kubadili ni kutu, skrubu zilizokwama, au vikalio vinavyoteleza kando unapokung'uta kwa nguvu.

Ukiamua kubadili, pima kabla ya kulipa: nafasi kati ya matundu ya skrubu, ambayo kwa madaraja mengi ya mtindo huo ni matano, na nafasi kati ya nyuzi, ambayo kwa kawaida ni kama milimita 19. Matundu yakikataa kulingana, yazibe kwa vijiti vya mbao na gundi, uache ikauke usiku kucha, ndipo utoboe upya. Na unapolinyanyua daraja la zamani, fanya taratibu. Chini yake kuna waya mwembamba unaotoka kwenye vitufe vya sauti: ni waya wa ethi, unaopunguza mvumo wa umeme. Lazima ubanwe tena chini ya daraja jipya, chuma kwa chuma, bila rangi katikati. Ukimaliza, chomeka kwenye amplifaya, sikiliza mvumo, kisha weka kiganja juu ya nyuzi. Mvumo ukipungua, waya umeshika.